Mishono ya membreni imeachia juu ya slabu ya jengo la biashara: tubandike upya au tung'oe yote?

MsimamiziKkoo

Wakuu, habari za kazi.

Jengo liko Kariakoo, ghorofa nne, chini maduka, juu ofisi na stoo za bidhaa. Paa ni slabu ya zege, mita 32 kwa 20, juu yake skridi ya mteremko (tabaka la mchanga na saruji linaloelekeza maji kwenye matundu), kisha membreni ya lami ya APP (zulia la kuzuia maji, lami iliyochanganywa na plastiki), milimita 4, yenye chenga za mawe za kijivu, safu moja, ya kuchomwa kwa gesi. Ina miaka sita. Parapeti, ule ukuta mfupi wa ukingoni, inazunguka pande zote na kuna matundu manne ya maji yanayoshuka kwa bomba la inchi 4.

Tangu masika maji yanaingia stoo ya juu sehemu tatu. Huko juu hali ni hii: ncha za roli, pale moja inapoishia na nyingine kuanza, nyingi zimenyanyuka, baadhi unaingiza vidole vinne. Mishono mirefu ya ubavuni imeshika, isipokuwa karibu na viyoyozi ambako imeachia mita kadhaa. Kwenye kona ya sakafu na parapeti membreni imejivuta ikaacha uwazi nyuma yake, ukiikanyaga inabonyea. Malengelenge matano, kubwa kuliko yote lina upana wa sinia. Tundu la mashariki maji yanatuama siku mbili tatu baada ya mvua.

Fundi wa kwanza anataka kupaka lami ya maji kwenye mishono yote, halafu rangi ya fedha paa zima. Wa pili anasema ng'oa yote, weka mpya. Bei zao ni mbingu na ardhi. Vuli haiko mbali. Nianze wapi?

---

Bana_ya_Gesi

Mkuu, rangi ya fedha iache kwanza. Kazi yake ni kuikinga lami na jua, na kwenye membreni yenye chenga kinga hiyo tayari unayo. Haizibi mshono. Ukiipaka juu ya mshono uliofunguka umeficha ushahidi tu, na atakayekuja baadaye hataona mshono uko wapi.

Kabla ya kuamua lolote, chukua kisu, fungua mishono mitano au sita iliyoachia, uangalie ndani. Huko ndani ndiko kuna majibu.

Ukikuta nailoni nyembamba ya kiwandani bado ipo, inang'aa, moto haukutosha. Ile nailoni inatakiwa iyeyuke yote. Fundi aliyekimbiza roli aliichoma juu juu, lami haikuyeyuka, ikaegemea tu.

Ukikuta vumbi au tope kavu, inategemea. Kama liko mwanzoni tu mwa mdomo wa mshono, limeingia baada ya mshono kufunguka. Kama limeenea hadi ndani kabisa na limegandamana na lami, palichomwa pachafu.

Ukikuta nyuzi nyeupe za poliesta ziko wazi, palichomwa kupita kiasi. Lami imekimbia, kilichobaki ni kitambaa. Hapo usibandike upya, kata utoe.

Ukikuta chenga za mawe zimesimama wima kama sandpepa, hapo ndipo penye ugonjwa wako, na naweka dau ncha nyingi ziko hivi. Sababu yake ni rahisi. Roli ya chenga inatoka kiwandani ikiwa na ukanda usio na chenga kwenye ubavu mmoja, sentimita 8 hadi 10, uliofunikwa nailoni. Roli ya jirani inalala juu ya ukanda huo, lami inakutana na lami, mshono unashika. Kwenye ncha ukanda huo haupo. Fundi anatakiwa apashe moto sentimita 15 za mwisho za roli ya chini hadi chenga zizame, azikandamize kwa mwiko mpaka lami nyeusi ipande juu, ndipo alaze roli ya pili. Akiruka hatua hiyo lami inashika vichwa vya mawe tu. Inavumilia mwaka au miwili, halafu joto la mchana na baridi ya mvua ya ghafla vinaifungua kidogo kidogo, na poliesta nayo inajivuta kurudi urefu wake. Ndiyo maana ubavu wako umeshika na ncha zimenyanyuka.

Hilo likithibitika, membreni yenyewe bado inaweza kuwa nzima, na kazi yako ni ya mishono.

Kwa ncha: kata sehemu iliyonyanyuka kwa kisu cha ndoano hadi pale ilipong'ang'ania. Usiilaze juu ya uchafu ukategemea moto utausafisha. Fagia, futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke kabisa. Pasha moto upana wa sentimita 15 kila upande wa mstari, zamisha chenga kwa mwiko wenye ncha ya duara. Kisha choma kipande kipya cha upana wa sentimita 30 hadi 33, mstari wa zamani ukae katikati, pembe zake uzikate ziwe duara maana pembe kali ndiyo huanza kunyanyuka. Bonyeza kwa rola ya mkono kuanzia katikati kwenda nje. Lami itokeze ukingoni kote kama uzi, milimita 5 hadi 10. Pasipotoka uzi hapajashika. Pakitoka bwawa, umechoma mno.

Kwa ubavu: kama mshono umeachia mdomoni tu na ndani ni safi, unanyanyua, unapasha nyuso zote mbili kwa bana ndogo (kichwa cha moto wa gesi), unabonyeza kwa rola, basi. Kama umeachia zaidi ya nusu ya upana wake, au ndani pana uchafu, usihangaike nao, weka kipande juu kama kwenye ncha.

Siku ya pili, lami ikiwa imepoa, pita na bisibisi ya ncha butu ukiisukuma taratibu kwenye kila ukingo. Ikiingia, weka alama ya chaki na urudie hapo. Usiangalie kwa macho tu, mshono mbovu na mzuri vinafanana.

---

Mteremko_Kwanza

Nakubaliana na Bana kuhusu ncha. Ila mishono ni nusu ya habari, na sijaona mtu akiuliza maji yameshafika wapi chini ya membreni.

Skridi inanyonya. Maji yakishaingia kwenye mshono yanasambaa ndani ya skridi na kushuka pale penye ufa wa slabu au bomba la nyaya lililozikwa kwenye zege. Kwa hiyo alama tatu kwenye dari ya stoo hazimaanishi mishono mitatu mibovu. Inaweza kuwa mmoja, ulio mita sita mbali na doa la karibu. Anza na madoa ya chini, yachore kwenye ramani ya paa, halafu tafuta upande wa juu wa mteremko, si palepale juu ya doa.

Kata vipande vya uchunguzi vya sentimita 15 kwa 15, sita au nane: viwili kwenye dimbwi, viwili kwenye lengelenge, vingine mahali panapoonekana pazima. Gusa skridi. Ikiwa na rangi nyeusi ya unyevu na inamomonyoka kwa kucha, hapo hakuna wa kubandika juu yake. Joto la jua litageuza maji kuwa mvuke, na mvuke utanyanyua kiraka chako kama ulivyonyanyua malengelenge. Kwa pasipo na uhakika, kausha juu, tandika nailoni ngumu ya nusu mita kwa nusu mita kwenye skridi iliyo wazi, bandika kingo zote kwa utepe, iache usiku kucha, saa 16 au zaidi. Asubuhi ukikuta matone chini yake, bado.

Malengelenge: lisilogusa mshono, lisilokanyagwa na lisilokua, liache. Kulipasua ni kutengeneza tundu ambalo halikuwepo. Lililo kwenye mshono lipasue kwa alama ya X, fungua kurasa zake nne, kausha, choma upya, kisha kiraka kinachopita kingo za X kwa sentimita 15 kila upande.

Kona za parapeti ni kasoro nyingine kabisa, usiichanganye na mishono. Membreni haipendi kona ya nyuzi 90. Panatakiwa pembetatu ya chokaa cha saruji, mchanganyiko wa 1:3, sentimita 5 kwa 5, kuzunguka jengo lote. Yako naona haipo au imevunjika, ndiyo maana ikibonyezwa inazama. Kata kwa mstari kwenye kona, tengeneza pembetatu, iache ikauke vizuri, paka praima (lami nyepesi ya kusaidia membreni kushika), halafu vipande vipya vinavyoanza sentimita 15 kwenye sakafu na kupanda ukutani angalau sentimita 15 juu ya usawa wa paa lililokamilika. Kata vipande vya upana wa mita moja moja, kusimama wima, vikipishana sentimita 10. Kipande kirefu cha mita kumi kinachobandikwa kwa ubavu ukutani kinateleza lami ikiwa moto, hakuna fundi awezaye kukishika sawasawa. Ukingo wa juu uingie kwenye mfereji uliochimbwa ukutani wa milimita 20 hadi 25, au ushikwe na bapa la alumini lenye skrubu kila sentimita 20 hadi 25, juu yake silanti ya poliyurethani. Ukingo ulioachwa wazi ukutani unakunywa maji ya plasta, na hayo hutayaona juu ya paa hata siku moja.

Dimbwi la mashariki: weka rula ya mita 2 na pima maji. Mteremko wa 1:80 ni milimita 25 katika mita hizo mbili. Michoro kwa kawaida inaandika 1:40, ili baada ya makosa ya kazini ibaki angalau 1:80. Ukikuta chini ya hapo, kiraka hakitaondoa dimbwi. Angalia pia mdomo wa bomba: mara nyingi tabaka za membreni zimerundikana pale hadi mdomo uko juu kuliko sakafu yake. Chonga skridi nusu mita kwa nusu mita kuzunguka tundu, ishuke milimita 20, na kola ya membreni izame ndani ya bomba.

Kazi ikiisha, ziba matundu, jaza maji sentimita 5 paa zima, acha saa 48, ndipo umlipe fundi.

---

Mkadiriaji_Pwani

Mteremko, hapo mwisho tusimpeleke mwenzetu kwa mhandisi wa dharura. Sentimita 5 kwenye mita 32 kwa 20 ni meta za ujazo 32, yaani tani 32 za maji juu ya slabu ambayo hatujui ilikokotolewa kwa mzigo gani. Na haiwezekani hata ukitaka: kwa mteremko wa 1:80, kila mita 10 paa linashuka sentimita 12.5. Ili sehemu ya juu ipate sentimita 2.5 za maji, ya chini itakuwa na 15, na maji yatapita juu ya ukingo wa membreni yakupe jibu la uongo.

Gawanya. Kanda la mita 4 kufuata mteremko kwa mita 10 za upana: juu sentimita 2.5, chini 7.5, wastani 5. Hiyo ni lita 2,000, unazijaza kwa bomba la bustani. Kizuizi tengeneza kwa viroba vya mchanga vilivyofungwa ndani ya nailoni, si kwa chokaa. Saa 24 zinatosha kwa kanda, mtu akikaa chini na tochi akiangalia dari kila baada ya saa kadhaa. Na mwenye jengo amwulize mhandisi wa miundo kabla ya tone la kwanza.

---

Mteremko_Kwanza

Kweli kabisa, nimeandika kwa haraka. Kanda kwa kanda, kuanzia la chini ya mteremko kwenda juu. Ukianza la juu na likivuja, hutajua maji ya chini ni ya nani.

---

dukalavifaa

Naomba kuuliza, kwa nini asitumie silikoni ya bomba au ile membreni ya maji ya kupaka kwa brashi? Haina moto, na mshono unazibwa kwa siku moja.

---

Bana_ya_Gesi

Silikoni haishiki lami. Mafuta ya lami yanapanda na kuisukuma, baada ya miezi unaivua kama utambi. Za kupaka ni za aina nyingi: akriliki haivumilii maji yanayotuama, kwa hiyo karibu na tundu la mashariki italainika na kubanduka. Poliyurethani ni nzuri, ila juu ya lami ya APP inahitaji praima yake maalumu, na mshono uliofunguka ukipakwa bila kitambaa cha kuimarisha utapasuka palepale, maana membreni ya chini bado inatembea. Mimi ningeitumia mahali ambapo moto haufai: chini ya viyoyozi, karibu na mabomba ya plastiki, pembeni mwa mlango wa mbao.

Tukiwa kwenye moto. Mtungi wa zimamoto wa poda kilo 9 uwe juu ya paa, si kwenye ofisi ya mlinzi. Kazi ya bana isimame angalau saa moja kabla watu hawajaondoka, na mtu apite kuangalia ukutani, kwenye insuleta za mabomba ya viyoyozi na kwenye kila ufa wenye takataka. Kiota cha ndege nyuma ya parapeti kinawaka kimyakimya.

---

MsimamiziKkoo

Asanteni sana wakuu. Nimepanda leo na kisu na chaki. Matokeo:

Ncha 31 kati ya 40 zimeachia, na ndani ni chenga tupu kama alivyosema Bana. Kila ncha ni mita moja, kwa hiyo mita 31. Ubavu mita 12, wote karibu na viyoyozi, ndani kuna ukungu wa kijani. Vipande vinane vya uchunguzi: sita skridi kavu, viwili vya dimbwi la mashariki imelowa, eneo la kama mita 5 kwa 6. Kona za parapeti hazina pembetatu popote, lakini kwa mita 104 za mzunguko ni kama 40 tu ndizo zimejivuta.

Sasa nang'oa au nabandika? Na ninunue nini?

---

Bana_ya_Gesi

Ukungu wa kijani unajieleza: maji ya viyoyozi yanadondoka pale mwaka mzima. Kabla ya kubandika, yaunganishe na bomba hadi kwenye tundu. Na angalia kama mashine zimesimama juu ya membreni bila vipande vya raba chini ya miguu, na kama mafundi wa AC wameacha skrubu. Skrubu moja chini ya kiatu ni tundu.

Using'oe paa zima. Mita za mraba 30 zilizolowa kati ya 640 hazifiki asilimia 5. Wengi wetu tunaanza kufikiria kung'oa skridi iliyolowa inapofika kama robo ya paa. Hiyo 5 kwa 6 ing'oe hadi kwenye slabu, rekebisha mteremko hapohapo, mpya iunganishwe na ya zamani kwa mpishano wa sentimita 15, chenga zikiwa zimezamishwa.

Mwachie Mkadiriaji hesabu.

---

Mkadiriaji_Pwani

Roli ni mita 1 kwa 10. Ukiikata kwa urefu mara tatu unapata mikanda ya sentimita 33, jumla mita 30.

Mishono: mita 31 za ncha na 12 za ubavu ni 43. Kila kiraka cha ncha kizidi sentimita 15 kila upande, kwa hiyo ncha moja inakula mita 1.3, ncha 31 ni mita 40. Ubavu weka 14. Jumla 54, yaani roli 2, zinabaki mita chache za malengelenge na kola.

Eneo lililolowa: mita za mraba 30. Roli moja, ukitoa mpishano wa sentimita 10 ubavuni na 15 kwenye ncha, inafunika 8.9 hivi. Roli 4.

Parapeti mita 40: vipande vya mita moja vinavyopishana sentimita 10 vinafunika 0.9, kwa hiyo vipande 45. Kila kimoja kina urefu wa sentimita 40 (15 sakafuni, kama 7 juu ya pembetatu, 18 ukutani). Roli moja inatoa 25. Roli 2. Kama mna bajeti, malizeni mita zote 104 sasa, vipande 116, roli 5, maana hizo 64 zilizobaki hazina pembetatu na zitafuata.

Praima lita 0.25 kwa mita ya mraba: skridi mpya 30, parapeti 40 kwa 0.4 ni 16, chini ya viraka vya mishono 20. Mita 66, lita 17, nunua ndoo ya 20. Iache hadi isinate kidoleni, jua kali masaa mawili matatu. Praima mbichi ikichomwa inatoa malengelenge na inawaka.

Kwa hiyo roli 8, ongeza 1 ya akiba. Kung'oa paa zima kungetaka kama roli 80 pamoja na parapeti yote, kabla hujagusa skridi. Roli zisimamishwe wima kivulini, zisilazwe zikabonyea, na zisirundikwe zote katikati ya slabu, kila moja inakaribia kilo 50.

---

Mteremko_Kwanza

Nyongeza mbili za utekelezaji. Mtandaze roli kavu juani nusu saa kabla ya kuichoma ili poliesta ijinyooshe, ukiibandika ikiwa bado na mvuto wa roli itajivuta ikiwa tayari imeshika. Na pale vipande vitatu vinapokutana, kile cha katikati kikatwe pembe yake kwa mshazari, sentimita 10. Bila hivyo milimita 4 za unene zinaacha mfereji mdogo chini ya kipande cha juu, na maji yanaingia humo hata kama kingo zote zimeshika.

Bado ni kipupwe, Dar asubuhi kuna umande juu ya membreni. Msianze kabla ya saa tatu, na mkono upite kwanza juu ya mahali pa kuchoma. Ratiba: viyoyozi na mabomba kwanza, kisha kung'oa eneo la mashariki na kumwaga skridi mpya. Wakati skridi inakauka, wiki tatu nne, mnafanya ncha na parapeti. Mashariki mnafunga mwisho, baada ya kipimo cha nailoni. Mkianza wiki hii mnamaliza kabla ya Oktoba.

---

MsimamiziKkoo

Nimeelewa. Fundi wa pili amekubali kupimwa kwa bisibisi na kwa kanda za maji kabla ya malipo ya mwisho. Wa kwanza amekataa.